Njia ya Pili: Historia ya Kubaini Hitilafu za Viunganishi Rudufu katika Mitambo ya Simu

Mitambo ya simu ni miongoni mwa vifaa vichache vya karne ya 20 vilivyobuniwa kwa matarajio kwamba vitaharibika vikiwa kazini na kwamba mteja hatakiwi kujua. Kanuni iliyotawala ubunifu huo ni urudufu, yaani kuweka vitu viwili mahali ambapo kimoja kingetosha: prosesa mbili, njia mbili za umeme, swichi mbili, na katika seva za leo, kadi mbili za mtandao wa ethaneti zinazokwenda kwenye swichi mbili tofauti. Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza na gharama yake hukadirika mapema. Jambo lililowasumbua wahandisi kwa zaidi ya miaka 60 ni kujua, kwa wakati na kwa uhakika, ni ipi kati ya njia mbili iliyokufa, imekufa kwa sababu gani, na kama ile iliyobaki ni nzima kweli. Historia ya taaluma hiyo huanza kabla ya ethaneti, katika vituo vya kuunganishia simu vya Marekani, na sehemu kubwa ya matatizo ambayo fundi wa seva hukutana nayo leo yalikwisha kuonekana huko, yakapatiwa majibu, kisha majibu hayo yakaachwa nyuma teknolojia ilipobadilika.

Ugumu unatokana na tabia ya urudufu wenyewe. Katika mfumo wenye njia moja hitilafu hujitangaza, kwa kuwa huduma hukatika na watu hulalamika. Katika mfumo wenye njia mbili, njia ya kwanza ikikatika kazi huhamia ya pili na simu huendelea, na njia ya akiba ikikatika wakati haitumiki, hakuna dalili yoyote mpaka siku itakapohitajika. Hali hii ya mwisho ndiyo inayoitwa hitilafu fiche. Hesabu za uwezekano zinazoonyesha kwamba njia mbili ni salama mara nyingi kuliko moja husimama juu ya sharti kwamba iliyoharibika itagunduliwa na kurekebishwa kabla ya mwenzake kuharibika. Sharti hilo likikosekana, mfumo hurudi polepole kuwa wa njia moja, ilhali hati za ununuzi zinaendelea kusema ni mbili.

Kampuni ya Bell ilifungua kituo chake cha kwanza cha kibiashara kinachoongozwa na programu, kilichojulikana kama 1ESS, katika mji wa Succasunna, New Jersey, tarehe 30 Mei 1965. Lengo lililowekwa lilikuwa kwamba kituo cha aina hiyo kisisimame kwa zaidi ya saa mbili katika muda wa miaka 40, ambalo ni sawa na dakika tatu kwa mwaka, na ni kali kuliko kipimo maarufu cha asilimia 99.999 ambacho huruhusu dakika tano na ushei. Ili kulifikia, wabunifu waliweka prosesa mbili zilizofanya kazi ileile kwa wakati mmoja, hatua kwa hatua, huku sakiti maalumu ikilinganisha matokeo yao. Zilipotofautiana, kazi ya kawaida ilikatizwa, programu ya utambuzi ikapima kila upande ili kuamua ni upi mbovu, upande huo ukatengwa, na mwingine ukaendelea kuwahudumia wateja peke yake. Inafaa kusisitiza kwamba prosesa ya akiba katika mpango huu haikuwa imelala. Ilipiga hesabu zote ambazo mwenzake alipiga, ingawa matokeo yake hayakutumwa nje, na kwa hiyo ugonjwa wake ulionekana mara tu ulipogusa hesabu yoyote. Ethaneti ilipoingia katika mitambo hii miongo mitatu baadaye, sifa hii ndiyo iliyopotea kwanza.

Kutenga upande mbovu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwambia fundi ang'oe kadi gani. Kabla ya Succasunna, Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni hiyo, walikwisha kufanya jaribio la kituo cha kielektroniki katika mji wa Morris, Illinois, lililoanza mwaka 1960, na humo walibuni mbinu ambayo ustadi wake unastahili heshima hata leo. Waliingiza kwa makusudi zaidi ya hitilafu 50,000 zinazojulikana katika mtambo, moja baada ya nyingine, wakaiacha programu ya uchunguzi ifanye vipimo vyake, wakarekodi matokeo ya kila hitilafu, kisha wakayapanga kwa kompyuta na kuyachapa kama kamusi. Mtambo ulipoharibika kikweli, ulichapa mfuatano wa tarakimu uliotokana na vipimo, fundi akautafuta mfuatano huo katika kamusi, akakuta orodha fupi ya kadi zinazoshukiwa. Hakuhitaji kuelewa mantiki ya prosesa. Alihitaji kujua kusoma na kuwa na kadi za akiba stoo. Kasoro ya mbinu hiyo ilikuwa kwamba hitilafu zinazokuja na kuondoka, au zile ambazo hakuna aliyezifikiria wakati wa kuitunga kamusi, zilitoa mifuatano isiyopatikana katika ukurasa wowote, na hapo fundi alirudi kwenye uzoefu wake mwenyewe.

Uzoefu wa vituo hivyo ulizaa takwimu ambazo kila mbunifu wa mifumo rudufu angepaswa kuzijua. Mwaka 1978 mhandisi W. N. Toy wa Bell Labs alichapisha mgawanyo wa sababu za kusimama kwa mitambo ya aina ya ESS: maunzi, yaani vifaa vyenyewe, yalisababisha asilimia 20 tu ya muda wa kusimama, kasoro za programu asilimia 15, makosa ya kibinadamu katika taratibu za kazi yalichukua asilimia 30, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 35, lilitokana na upungufu wa mchakato wa kujiponya, yaani mfumo kushindwa kuitambua hitilafu, kuitenga isivyo, au kuhamia upande usio sahihi. Kwa maneno mengine, vifaa vilivyowekwa ili kuokoa huduma ndivyo vilivyoongoza kwa kuiangusha. Miaka saba baadaye Jim Gray wa kampuni ya Tandem, iliyouza kompyuta rudufu kwa mabenki, alichambua taarifa za wateja wake na kukuta picha inayoshabihiana na hiyo: usimamizi wa mfumo ulichangia asilimia 42 ya matukio, programu asilimia 25, na maunzi asilimia 18. Ni vigumu kuzisoma takwimu hizi mbili na bado kuamini kwamba kununua kadi ya pili kunamaliza tatizo.

Ethaneti ilizaliwa mbali na mawazo hayo. Robert Metcalfe aliieleza kwa mara ya kwanza katika waraka wa tarehe 22 Mei 1973, katika maabara ya Xerox PARC huko California, na pamoja na David Boggs akajenga mtandao uliobeba megabiti 2.94 kwa sekunde ili kuunganisha kompyuta za ofisini. Msingi wake ulikuwa kebo moja iliyoshirikiwa na wote: kila kompyuta ilisikiliza kwanza, ikatuma iliposikia kimya, na ikagundua mgongano ikiwa nyingine ilituma wakati huohuo. Kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipotoa kiwango cha pamoja cha megabiti 10 mwaka 1980, kebo ilikuwa nene, kipande kimoja kiliweza kufika mita 500, na kila ncha ilihitaji kizimio cha omu 50 ili mawimbi yasirudi nyuma. Kizimio kimoja kikilegea, mtandao mzima wa ghorofa ulivurugika, na fundi alilazimika kuitafuta hitilafu kwa chombo kilichotuma mpigo wa umeme ndani ya kebo na kupima muda wa mwangwi wake, kwa kuwa muda huo ulimwonyesha umbali wa mahali palipoharibika. Katika mpango huo hapakuwa na dhana ya kiungo kuwa hai au kufa, wala hapakuwa na nafasi ya kebo ya pili.

Hata hivyo wabunifu wa ethaneti hawakuwa vipofu kabisa kwa suala la hitilafu fiche. Sakiti ya kugundua migongano hufanya kazi mara chache tu, na ikifa hakuna atakayejua mpaka fremu, yaani vifurushi vya data vinavyosafiri katika kebo, zitakapoanza kupotea bila maelezo. Toleo la pili la kiwango hicho, la mwaka 1982, lilidai kwamba baada ya kila fremu kifaa kilichobanwa kwenye kebo kirudishe ishara fupi kwa kadi ya kompyuta, kupitia nyaya zilezile za kutangazia mgongano, ili kuthibitisha kwamba sakiti hiyo ingali hai. Ishara hiyo ilipewa jina la mapigo ya moyo. Wazo lilikuwa sahihi, lakini vifaa vya kurudia mawimbi viliitafsiri ishara hiyo kuwa mgongano halisi, kwa hiyo ilibidi izimwe kila palipokuwa na kifaa cha namna hiyo, na desturi ya kuizima ikaenea.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1990, kiwango cha waya jozi zilizosokotwa kilipoidhinishwa. Kila kompyuta sasa ilikuwa na waya wake wa kwenda kwenye kifaa cha kati, na pande zote mbili zilitakiwa kutuma mpigo mfupi takriban kila milisekunde 16 wakati hakuna data, ili upande wa pili ujue kwamba waya upo. Kutokana na mpigo huo ilizaliwa taa ndogo ya kijani kando ya kila tundu la mtandao, ambayo mafundi wa dunia nzima wameitazama kwa imani tangu wakati huo. Imani hiyo ina mipaka ambayo ni lazima ielezwe. Katika kiwango cha mwaka 1990 taa ilionyesha kwamba upande huu unasikia mipigo ya upande wa pili. Haikuonyesha kwamba upande wa pili unasikia chochote. Jozi ya kutumia ikikatika huku jozi ya kupokelea ikiwa nzima, taa ya seva iliendelea kuwaka ilhali hakuna fremu hata moja iliyotoka. Nyuzi za mwanga, ambazo hutumia uzi mmoja kwa kila mwelekeo, zilirithi tatizo hilo la kiungo cha upande mmoja.

Urudufu wenyewe uliingia katika ethaneti kupitia mlango wa nyuma. Mitandao ilipounganishwa kwa vifaa vinavyopitisha fremu kutoka kebo moja kwenda nyingine, kuweka njia ya pili kati ya sehemu mbili kuligeuka kuwa hatari, kwa sababu fremu za ethaneti hazina kihesabu cha kuzikomesha, na palipo na kitanzi zitazunguka na kuzaana mpaka mtandao uzame. Mwaka 1985 Radia Perlman, aliyekuwa Digital, alibuni itifaki ya mti wa matawi: swichi huchagua moja kati yao kuwa shina, huhesabu njia fupi ya kulifikia, na huziba milango yote iliyozidi ili kisibaki kitanzi. Katika umbo lililoidhinishwa na shirika la viwango la IEEE mwaka 1990, shina lilituma ujumbe kila sekunde mbili, swichi ilisubiri hadi sekunde 20 bila ujumbe kabla ya kukubali kwamba njia imekufa, kisha ikapitia hatua mbili za sekunde 15 kila moja kabla ya kufungua mlango uliozibwa. Jumla ni sekunde 50, muda ambao ofisini huvumilika, lakini katika mitambo ya simu, iliyozoea mizunguko ya nyuzi za mwanga inayojiponya ndani ya milisekunde 50, ni mara elfu zaidi ya kinachokubalika. Toleo la haraka lililofuata mwaka 2001 lilipunguza muda huo sana. Halikubadilisha hulka moja ya itifaki ambayo mchunguzi wa hitilafu hana budi kuikumbuka: mlango uliozibwa hubaki umezibwa kwa sababu unasikia ujumbe, na usipousikia, kwa mfano kwa sababu ya uzi wa upande mmoja, huamua kwamba njia kuu imekufa, hufunguka, na kitanzi hurudi. Hapo kiungo cha akiba ndicho kinachoangusha mtandao uliokuwa mzima.

Kampuni za simu zilipoanza kuhamisha huduma zao kwenye itifaki za intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990, hazikutaka tena kujenga prosesa zao wenyewe kama Bell ilivyofanya. Zilitaka seva za kawaida zilizoimarishwa. Shirika la viwanda la PICMG lilitoa mwaka 2001 kiwango namba 2.16, kilichopitisha ethaneti ndani ya ubao wa nyuma wa kabati la kadi za CompactPCI, na mwezi Desemba 2002 likaidhinisha kiwango namba 3.0, kijulikanacho kama AdvancedTCA, kilichotungwa mahususi kwa mitambo ya simu. Katika kabati la AdvancedTCA kila kadi ya seva ina kiunganishi cha ethaneti kwenda kwa swichi mbili zilizo katika nafasi maalumu, mpangilio unaoitwa nyota pacha, na hupokea njia mbili za umeme wa volti 48 hasi. Kifaa kinachoitwa msimamizi wa rafu husoma joto, volti na hali ya kila kadi kupitia basi ndogo ya mawasiliano ambayo nayo imewekwa mbili. Kwa mtazamo wa maunzi, nidhamu ya 1ESS ilikuwa imerejea.

Lakini uamuzi wa kuhama kutoka kiungo kimoja kwenda kingine uliachiwa programu za seva, ambazo asili yake haikuwa simu. Kiendeshi cha Linux cha kufunga pamoja kadi mbili za mtandao kilitokana na kazi ya Donald Becker katika kituo cha NASA cha Goddard, ambako yeye na Thomas Sterling waliunda mwaka 1994 kundi la kompyuta za bei nafuu lililoitwa Beowulf. Lengo la kuunganisha kadi mbili za megabiti 10 lilikuwa kuongeza kasi, na uwezo wa kuokoana ulikuja baadaye. Athari ya asili hiyo inaonekana katika jambo dogo: kwa miaka mingi kipimo cha muda wa kuangalia hali ya kiungo katika kiendeshi hicho kilianza na thamani ya sifuri, maana yake kiungo hakiangaliwi kabisa, na msimamizi ambaye hakusoma maelezo aliweza kuwa na kadi mbili zilizofungwa pamoja bila mfumo kujua kwamba mojawapo imekufa. Mfumo wa Solaris, uliotumika sana katika seva za kampuni za simu, uliingia mwaka 2000 na njia yake ya kukusanya viungo, iliyotuma ujumbe wa majaribio kupitia kila kadi na kwa kawaida ikachukua sekunde 10 kutangaza kifo.

Kazi ya kubaini hitilafu katika seva ya namna hii inahitaji kupanda ngazi, kuanzia waya hadi safari nzima ya fremu, na kila ngazi ina uongo wake. Ngazi ya kwanza ni kiungo chenyewe. Katika AdvancedTCA mlango unaweza kuwa umezimwa ingawa hakuna kilichoharibika, kwa sababu kabla ya kuuruhusu msimamizi wa rafu hulinganisha maelezo ya kadi, ubao wa nyuma na swichi, utaratibu unaoitwa ufunguo wa kielektroniki, na yasipolingana huukataza. Fundi asiyeijua hatua hii atabadilisha kadi moja baada ya nyingine bila mafanikio. Ngazi ya pili ni mapatano ya kasi na mwelekeo, yaliyoingizwa katika viwango mwaka 1995, ambapo pande mbili huafikiana zenyewe. Upande mmoja ukilazimishwa kwa mkono kutuma na kupokea kwa pamoja huku mwingine ukiachwa utafute mapatano, huu wa pili hukosa wa kuzungumza naye, hubaki na kutuma kwa zamu, na matokeo yake ni migongano ya kuchelewa upande mmoja na fremu zilizokatika upande mwingine. Kiungo huonekana kizima, majaribio madogo hupita, na mtambo huzidiwa saa ya wateja wengi. Ikitokea hivyo kwenye njia ya akiba pekee, kasoro itangoja kimya hadi siku ya dharura.

Ngazi ya tatu, ambayo ndiyo tajiri kuliko zote, ni kilicho nyuma ya swichi. Taa ya kiungo haiwezi kusema lolote kuhusu kebo inayotoka kwenye swichi kwenda mbele. Swichi iliyotengwa na mtandao mzima bado huipa seva mpigo safi. Ndiyo maana wasanifu wa Linux waliongeza njia ya kutuma maulizo ya anwani kwa kifaa cha mbali na kungoja jibu. Njia hiyo nayo ilikuwa na mtego. Kipimo chake cha awali kilihesabu kiungo kuwa hai ikiwa kimepokea fremu yoyote, kwa hiyo seva kadhaa zilizochomekwa kwenye swichi moja iliyotengwa zilisikia maulizo ya wenzao, kila moja ikaamini kwamba mtandao uko hai, na hakuna iliyohamia njia ya pili. Ilibidi kiongezwe kipengele cha kuhakiki kwamba kinachopokelewa ni jibu halali la ulizo lililotumwa. Kosa la aina hiyo ni la kimantiki kabisa, na hakuna kamusi ya vifaa ambayo ingelitabiri.

Baada ya ngazi hizo hubaki tukio la kuhama lenyewe. Swichi hukumbuka kila anwani iko nyuma ya mlango upi, na kwa thamani ya kawaida ya kiwango cha IEEE huihifadhi kumbukumbu hiyo kwa sekunde 300 isipopata habari mpya. Seva ikihamia njia ya pili bila kutangaza, simu zake huendelea kupelekwa kwenye mlango wa zamani. Kwa hiyo programu hutuma tangazo lisiloombwa mara tu inapohama, na mchunguzi anayekuta huduma imekatika kwa dakika kadhaa ingawa seva inadai ilihama ndani ya sekunde moja atafanya vyema kutafuta kwanza kama tangazo hilo lilitoka na kama lilifika.

Kuna hitilafu ambazo hakuna uchunguzi wa ndani ya seva unaoweza kuziona, nazo ni za njia mbili zinazokutana mahali ambapo mchoro hauonyeshi. Tarehe 12 Desemba 1986 eneo la New England lilitengwa na sehemu nyingine za mtandao wa ARPANET kwa takriban saa 11. Laini saba zilizokodiwa ili zisitegemeane zilikuwa zimepitishwa zote katika kebo moja ya nyuzi za mwanga, na kebo hiyo ilikatika kati ya Newark na White Plains. Moto ulioteketeza kituo cha simu cha Hinsdale, Illinois, tarehe 8 Mei 1988, Jumapili ambayo jengo halikuwa na mfanyakazi, uliwakatia simu wateja takriban 35,000 wa hapo na kuathiri maeneo mengine mengi yaliyotegemea laini zilizopita katika jengo hilo. Afrika Mashariki imepata somo lake kwa kiwango cha bahari. Mwezi Februari 2012 mkongo wa EASSy ulikatika katika Bahari ya Shamu, na siku chache baadaye nanga ya meli ikaukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy ulikatika tena, safari hii pamoja na mkongo wa SEACOM na upande wa Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani.

Njia mbili zinaweza pia kukutana ndani ya programu. Mchana wa tarehe 15 Januari 1990 swichi moja ya AT&T huko New York ilijitoa kwa muda mfupi ili kujirekebisha, kama ilivyobuniwa kufanya, kisha ikarudi kazini na kuanza kuwatumia jirani zake ujumbe. Toleo jipya la programu, lililopakiwa wiki chache kabla, lilikuwa na amri moja iliyowekwa mahali pasipo pake, ambayo ilifanya jirani aliyepokea ujumbe wa pili kwa haraka ajione mgonjwa na kujitoa. Aliporudi aliwaambukiza wengine, na wa kwanza akaangushwa tena. Mitambo yote 114 ya masafa marefu ilikuwa na programu ileile, na prosesa za akiba ndani yake zilikuwa na programu ileile pia. Kwa takriban saa tisa karibu nusu ya simu zilizopigwa kupitia mtandao huo hazikufika. Kundi la Toy la asilimia 35 lilikuwa limepata mfano wake mkubwa.

Tangu wakati huo vyombo vimeboreka. Kiwango cha 802.3ad cha mwaka 2000 kilizipa kadi na swichi itifaki ya kuthibitishiana kwamba zinaelewana kuhusu kundi la viungo, na kwa hiyo kukamata kebo iliyochomekwa mahali pasipo pake. Kiwango cha 802.3ah cha mwaka 2004 kilikiwezesha kifaa kinachokatikiwa umeme kutuma ujumbe wa mwisho kabla ya kuzimika, jambo linalomsaidia fundi kutofautisha umeme uliokatika na waya uliokatika, na 802.1ag ya mwaka 2007 ilileta vipimo vya safari nzima kati ya ncha mbili za mtandao. Nayo itifaki ya BFD, iliyochapishwa mwaka 2010, huwezesha vifaa viwili kuulizana hali kila baada ya milisekunde chache. Viwandani na katika vituo vya umeme kiwango cha IEC 62439-3 kimekwenda mbali zaidi: kila fremu hutumwa kwa njia zote mbili daima, na mpokeaji hutupa nakala inayochelewa. Katika mpango huo njia ya pili haingoji, na kunyamaza kwake hugunduliwa papo hapo. Mtu aliyeisoma 1ESS ataona kwamba wazo la mwaka 1965 limerudi likiwa limevaa nguo za ethaneti.

Kilichopungua ni desturi. Mtambo wa 5ESS, uliorithi 1ESS kuanzia mwaka 1982, ulikuwa na programu ya mazoezi ya kawaida iliyozichunguza sehemu rudufu kwa ratiba, saa za usiku ambapo simu ni chache, na ripoti yake ilimkuta fundi asubuhi. Seva za leo huuzwa na viunganishi viwili, swichi mbili na programu ya kuhamisha, lakini zoezi la kukata njia kuu kwa makusudi na kupima muda wa kuhama limeachwa kwa hiari ya mwendeshaji, na hufanywa kwa uhakika siku moja tu, siku ya kukabidhi mtambo. Kwa kigezo hicho ethaneti ya mitambo ya simu, pamoja na kasi yake yote, bado iko nyuma ya kituo cha miaka ya 1980. Mkataba wa ununuzi unaodai asilimia 99.999 bila kudai ratiba ya mazoezi hayo na kumbukumbu zake umeacha nje kifungu ambacho takwimu za mwaka 1978 zilikwisha kuonyesha kwamba ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vyote.